Cyberpunk 2077: maswali yanayojirudia kuhusu gemu kuahirishwa, na kama maamuzi yako yanabadilisha chochote

Haya maswali nimeyajibu mara nyingi mno, wengine wananitumia saa 7 usiku, kwa hiyo nimeamua kuyaweka sehemu moja. Mwanzo ni mambo mepesi, chini kabisa kuna spoila, yani mambo yanayofichua hadithi, nimeweka onyo, usije kunilaumu.

## Ya msingi

Cyberpunk 2077 ni gemu la aina gani na kwa nini bado linaongelewa?

Ni RPG, yani gemu la kuvaa uhusika, unakuwa mtu fulani na unaamua aishi vipi. Limetengenezwa na CD Projekt Red, studio ya Warsaw huko Poland, haohao wa The Witcher 3. Dunia yake wameitoa kwenye gemu la mezani la karatasi na dadu la Mmarekani Mike Pondsmith lililotoka 1988. Wewe ni V, mamluki wa mtaani kwenye jiji la Night City, na baada ya dili moja kubwa kwenda mrama unajikuta na chipu kichwani, ndani ya chipu kuna mtu aliyekufa miaka mingi nyuma, Johnny Silverhand, mwanaroki na gaidi, sura na sauti ni za Keanu Reeves. Ile chipu inakuua taratibu na Johnny anachukua mwili wako, sasa pambana na hali yako.

Bado linaongelewa kwa sababu likisogezwa gemu lolote kubwa leo lazima atokee mtu wa kusema "bora wachelewe, mmesahau Cyberpunk?" na mwingine amjibu "Cyberpunk lilichelewa na bado likatoka bovu". Wote wako sahihi, ndo maana ubishi hauishi.

Liliahirishwa mara ngapi?

Mara 3, zote ndani ya 2020. Lilitangazwa 2012, trela fupi ya kwanza ikaja Januari 2013, halafu kimya cha miaka. Juni 2019 Keanu akapanda jukwaani kwenye maonyesho ya magemu ya E3 na tarehe ikatajwa, Aprili 16, 2020. Januari 2020 wakasogeza hadi Septemba 17, wakisema gemu limekamilika na linachezeka kutoka mwanzo hadi mwisho ila linahitaji kung'arishwa. Juni wakasogeza tena hadi Novemba 19. Oktoba 27 ikatoka ile picha ya njano yenye maandishi meusi (tulishaanza kuiogopa hiyo njano) wakaomba siku 21 zingine, na Desemba 10, 2020 likatoka kweli. Ukihesabu toka ile Aprili ni siku 238.

Ile ya tatu ndo iliuma zaidi, maana siku moja tu kabla akaunti yao rasmi ilikuwa imemhakikishia shabiki mtandaoni kwamba hakuna tena kuahirisha. Kuna watu walishaomba likizo kazini. Na kuna wengine, hawa sina maneno nao, waliwatumia wafanyakazi wa studio vitisho vya kuwaua. Kwa gemu!

Walisema limeenda goldi, sasa lilisogezwaje tena?

Hili ndo swali namba 1 na kosa ni la neno lenyewe. Gemu kwenda goldi maana yake toleo la kuchapwa kwenye diski liko tayari, linapelekwa kiwandani. Haimaanishi kazi imeisha. Zamani ilimaanisha hivyo kwa sababu ukishachapa hakuna kurekebisha, siku hizi kuna apdeti ya siku ya kwanza, kwa hiyo timu inaendelea kufanya kazi wakati diski zinachapwa na kusafirishwa. Cyberpunk lilienda goldi mwanzoni mwa Oktoba 2020. Wiki 3 baadaye wakagundua ile apdeti haitawahi, maana walikuwa wanapima matoleo 9 kwa mpigo, PC, PS4 za kawaida na Pro, Xbox za zamani na mpya, PS5, Stadia (ile ya Google ya kucheza kwa mtandao), na wafanyakazi wengi wako majumbani kwa sababu ya korona.

Kama waliahirisha mara 3 kwa nini bado lilitoka vile?

Kwa sababu muda waliouongeza haukutosha kwa tatizo walilokuwa nalo, na tatizo lenyewe walichelewa kukubali kwamba lipo.

Marcin Iwiński, mmoja wa waanzilishi, alitoa video Januari 2021 akaeleza. Walitengeneza gemu lipendeze kwanza kwenye PC halafu wakapanga kulipunguza liingie kwenye konsoli za zamani. Fikiria Night City ilivyo, unaendesha gari kwa spidi, kila sekunde inabidi majengo mapya, watu wapya, magari mapya yavutwe kutoka kwenye diski yaingie kwenye memori. Kwenye PC yenye SSD, diski ya kasi isiyozunguka, hamna shida. PS4 ilitoka 2013 na ndani ina hadi diski ile ya kuzunguka, ya polepole, mtaa unafika kabla data haijafika. Ndo unapata yale tuliyoyaona, watu hawana sura mpaka uwasogelee, barabara tupu, gari linadondoka toka angani, gemu linajizima. Hiki kitu hukirekebishi kwa siku 21, unatakiwa uwe umekijua tangu unachora ramani ya jiji.

Halafu wakafanya jambo ambalo mimi nalihesabu baya kuliko bagi (hitilafu) zote, kabla ya kutoka wahakiki walipewa toleo la PC tu. Aliyelipia la PS4 hakuwa na njia ya kujua anaenda kukutana na nini.

Ni kweli Sony walilifuta dukani?

Kweli. Wiki moja baada ya kutoka, Sony walilitoa PlayStation Store na wakatangaza kurudisha hela kwa aliyelinunua humo. Lilirudi Juni 21, 2021, miezi 6 baadaye, na hata hapo likiwa na onyo kwa wenye PS4 za kawaida. Kwa gemu la ukubwa ule haikuwa imewahi kutokea. Na bado, weka hii pembeni utafakari mwenyewe, hadi Desemba 20, 2020 lilikuwa limeuza nakala milioni 13, ukiwa umeshatoa waliorudisha.

Sasa hivi limepona?

Limepona. Pachi, yani apdeti ya marekebisho, ya 1.5 ya Februari 2022 ilileta toleo halisi la PS5 na Xbox Series. Pachi ya 2.0 ya Septemba 2023 ilibadilisha ujuzi, polisi, mapigano, karibu kila kitu, siku chache baadaye ikaja nyongeza ya Phantom Liberty. Mwaka huohuo lilipewa tuzo ya gemu linaloendelea kutunzwa vizuri kwenye The Game Awards. Yani karibu miaka 3 baada ya kutoka ndo likawa lile tuliloahidiwa. Ukitaka kuita huo ni uahirishaji wa nne sitakubishia. Kama uko PS4 usisherehekee bado, soma sehemu ya kununua huko chini.

## Kwa nini RPG ndo zinachelewa hivi

Kwani kumpa mchezaji machaguo kunachelewesha gemu? Si ni kuandika tu mistari miwili?

Ni mstari mmoja kwenye skrini, nyuma yake kuna kijiji kizima cha kazi.

Chukua uamuzi mmoja mdogo, umuache jambazi aishi au umpige risasi. Akiishi anatakiwa awe na maneno ya kusema baadaye, na sauti irekodiwe, na kwenye Cyberpunk V ana sauti ya kike na ya kiume kwa hiyo kila anachosema V kinarekodiwa mara mbili, halafu kinatafsiriwa. Akifa, kila misheni ambayo angetokea inabidi iwe na mtu mwingine wa kukaa kwenye kiti chake. Halafu wapimaji wacheze njia zote mbili.

Sasa zidisha. Maamuzi 10 ya ndio au hapana yasiyotegemeana yanakupa michanganyiko 1,024. Maamuzi 20 yanavuka milioni 1. Hakuna timu duniani inayoweza kupima michanganyiko milioni 1 kwa mkono, ndo maana unasikia kuna bagi inatokea tu kwa mtu aliyemuua fulani, akamsamehe fulani, halafu akapitia mlango wa nyuma. Kwa hiyo mchezaji anayesema "nataka kila uamuzi wangu uwe na maana" na anayesema "nataka gemu tarehe ileile" kama ni mtu mmoja, na mara nyingi ni mtu mmoja, mara nyingi ni mimi, basi anadai vitu viwili vinavyogombana.

Kwa hiyo wanafanyaje? Hawawezi kutengeneza njia milioni.

Hawatengenezi. Njia zinaachana kama mto unavyogawanyika kwenye kisiwa halafu maji yanakutana mbele. Gemu linakumbuka umepita upande gani, linaweka alama ndogo, na baadaye linaichomoa ile alama wakati hutegemei. Ufundi uko kwenye kuchagua alama ipi ichomolewe wapi. Mfano mzuri nimeuweka kwenye swali la misheni ya The Pickup.

The Witcher 3 nayo iliahirishwa?

Eeh, watu wanasahau kwa sababu iliisha vizuri. Ilitangazwa 2013 itoke 2014, ikasogezwa Februari 24, 2015, ikasogezwa tena, ikatoka Mei 19, 2015 na ikabeba gemu la mwaka kwenye The Game Awards. Sitasema ilitoka safi, farasi alikuwa anapanda juu ya mapaa, ila ilikuwa inachezeka kila mahali ilipouzwa. Nadhani hapo ndo studio ilijifunza somo baya, kwamba ukisogeza tarehe mara mbili kila kitu kitajipa.

Baldur's Gate 3 ina machaguo mengi kuliko yote, mbona iliwahi?

Haikuwahi, ilichelewa ukiwa ndani. Larian, studio ya Ubelgiji, walianza kuuza sehemu ya kwanza ya gemu Oktoba 2020 wakisema wazi kwamba bado liko jikoni, na kwa karibu miaka 3 wachezaji wakawa wanalijaribu, wanalivunja, wanaripoti. Lilipokamilika Agosti 3, 2023 kwenye PC walikuwa wameisogeza tarehe mbele, ilitakiwa iwe Agosti 31, ni nadra sana hiyo. Toleo la Xbox lakini lilichelewa hadi Desemba, kwa sababu ile Xbox ndogo ya Series S ilishindwa kubeba watu wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa. Mashine dhaifu kuliko zote ndo inapanga tarehe ya kila mtu, kama ilivyokuwa kwa PS4 huko juu.

Zile habari za "miisho 17,000" zilizozagaa kabla halijatoka, ni hesabu ya michanganyiko ya vitu vidogovidogo. Usitegemee filamu 17,000 tofauti.

Na GTA VI?

Sio RPG ila mnauliza kila siku. Kwanza ilikuwa 2025, ikaenda Mei 26, 2026, ikaenda Novemba 19, 2026. Ndio, Novemba 19, tarehe ileile ambayo Cyberpunk ilishindwa kuishika. Sina lingine la kuongeza, tusubiri.

## Maamuzi yako, yanabadilisha nini?

Nianze na Nomad, Street Kid au Corpo?

Hizo ni asili tatu za V unazochagua mwanzoni. Anza na yeyote, usipoteze usiku kwenye hili. Hapa ndo gemu liliahidi sana likatoa kidogo. Unapata mwanzo tofauti wa muda mfupi, mmoja jangwani, mmoja mtaani, mmoja kwenye ghorofa la Arasaka, kampuni kubwa ya Night City, halafu inakuja video ya haraka ya V na rafiki yake Jackie wakifanya kazi pamoja miezi 6 na kuanzia hapo wote mko njia moja. Baadaye unapata mistari ya ziada kwenye mazungumzo kulingana na ulikotoka, mingi ni ya ladha tu. Ile video ya miezi 6 mi hadi leo inaniuma, ilitakiwa tuicheze, tumzoee Jackie, ndo yanayomkuta yatuumize ipasavyo.

Kuna misheni moja naweza kuijaribu nione machaguo yanavyofanya kazi?

The Pickup, iko mapema tu. Unatakiwa ukachukue roboti ya Flathead kwa genge la Maelstrom kwenye kiwanda cha zamani cha nyama. Kabla ya kwenda unaweza kumpigia Meredith Stout wa kampuni ya Militech, ambao ndo walioibiwa, au usimpigie kabisa. Ukimpigia anakupa chipu ya hela za kulipia, ndani ameweka kirusi. Ukifika kwa Royce, bosi mwenye macho mengi mekundu usoni, unaweza kumlipa kwa chipu yenye kirusi, ukakitoa kirusi kwanza, ukalipa kwa hela zako mwenyewe, au ukatoa bastola katikati ya maongezi ukammaliza palepale. Njiani kuna chumba kimefungwa, ndani yupo Brick, bosi wa zamani aliyepinduliwa, unaweza kumfungulia au ukapita kama hujaona.

Cheza vyovyote, mwisho wa siku unatoka na Flathead. Huo ndo mto kukutana. Ila nje getini anayekusubiri sio yuleyule kila mara, inategemea nani kashinda ugomvi wa ndani wa Militech, na masaa mengi baadaye unaingia klabu ya Maelstrom kumtoa mtu, unakuta aliyekalia kiti cha bosi ni yule uliyemfungulia mlango, na anakukumbuka. Mara ya kwanza mi nilipita Brick bila kumuona kabisa, kwa hiyo rafiki yangu aliponisimulia alivyotoka klabuni kwa maneno tu nikadhani ananidanganya.

Nitajuaje kwamba huu ndo uamuzi mkubwa?

Mara nyingi hutajua, na ndo inavyotakiwa. Gemu likikuandikia "mhusika atakumbuka hili" ujue mara nyingi hatakumbuka kitu.

Mfano bora Cyberpunk ni Takemura, mlinzi wa zamani wa Arasaka anayeshirikiana na V (spoila ndogo). Mmejificha kwenye jengo, Arasaka wanavamia, sakafu inabomoka unadondoka chini, Johnny anakupigia kelele ukimbie, na maelekezo kwenye skrini yanasema toka nje. Wengi wanatoka. Kumbe unaweza kugeuka, ukapanda tena juu katikati ya risasi ukamtoa mzee. Hakuna mshale wa kukuelekeza, hakuna kitufe. Anayegeuka ni yule ambaye mwenyewe kaona haiwezekani kumuacha. Kwangu hilo ni chaguo la kweli kuliko orodha yoyote ya majibu manne.

The Witcher 3 wamefanya kitu kinachofanana kwa Ciri, binti aliyelelewa na mhusika wako. Baada ya msiba amekaa, kajiinamia, na unaweza kumwambia maneno ya kizee ya kumfariji au ukamrushia donge la theluji mcheze. Unaona ni utani. Kumbe pale na sehemu nyingine chache kama ile ndo panapoamua Ciri ataishia wapi, masaa mengi mbele, na wanachokipima ni kama ulimuamini au ulimbeba kama yai.

Kusevu na kurudia mpaka nipate jibu zuri ni kuchiti?

Gemu lako, muda wako. Ila elewa kwamba waandishi wazuri wanakutega kwa kuchelewesha matokeo. Ukiona jibu la uamuzi baada ya dakika 2 utarudia, ukiliona baada ya masaa 15 hutarudia, utaishi nalo. Ona mfano wa theluji hapo juu. Ushauri wangu mara ya kwanza cheza bila kurudi nyuma, mara ya pili fanya utakavyo.

Mbona Mass Effect 3 watu walikasirika vile, si ilikuwa na machaguo ya magemu matatu?

Ndo sababu. Ulibeba sevu yako toka gemu la kwanza, nani kaishi, nani kafa, miaka mitano ya maamuzi, halafu mwisho wenyewe ukawa milango mitatu ambayo video zake zilitofautiana rangi zaidi ya kitu kingine. Lilitoka Machi 2012 (nalo lilikuwa limesogezwa toka mwisho wa 2011), na Juni mwaka huohuo watengenezaji wake, BioWare, wakatoa nyongeza ya bure ya kuurefusha mwisho na kuufafanua. Mto kukutana katikati ya safari hamna anayelalamika. Ukikutana baharini kabisa, mtu anauliza sasa nilikuwa napiga kasia za nini.

## Kununua na kucheza

Nina PS4, ninunue?

Hapana. Pachi kubwa ya mwisho kwa konsoli za zamani ilikuwa 1.6 ya Septemba 2022, zile za 2.0 hazikuja, na Phantom Liberty haipo kabisa kwa PS4. Diski iliyotumika utaiona inauzwa bei ya kutupa, na kilichochapwa ndani ni gemu la 2020, utadaunlodi apdeti za makumi ya GB ndo lichezeke kidogo. Mi bando liliwahi kunikatikia gemu lingine likiwa asilimia 93, nikalala na viatu kwa hasira. Hela hiyo nunua Witcher 3.

Nilipie gemu mapema kabla halijatoka?

Sioni sababu. Zamani ulilipia ili diski isiishe dukani, faili haliishi. Cyberpunk ililipiwa mapema na watu milioni 8. Subiri wiki moja, tazama mtu analicheza kwenye mashine kama yako, sio kwenye PC ya mamilioni. Kama ni Steam una afadhali, wanarudisha hela ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya masaa 2, ingawa RPG masaa 2 ndo kwanza unatengeneza pua ya mhusika.

Sisi wa Tanzania na Kenya tungerudishiwa hela 2020?

PSN haiko rasmi kwetu, ndo maana akaunti zetu zimeandikwa Marekani au Uingereza na tunaweka hela kwa kadi za kukwangua. Aliyenunua kwenye duka la Sony alirudishiwa kupitia akaunti hiyohiyo. Aliyenunua diski kwa muuza gemu wa mtaani, studio ilifungua dirisha la kuomba msaada kwa barua pepe hadi Desemba 21, 2020, na risiti ilitakiwa. Risiti! Ya kuandikwa kwa peni au vipi.

Nacheza kwenye banda la gemu, RPG itanifaa?

Kwa moyo safi, itakutesa. Banda limejengwa kwa mpira na ngumi, unalipia nusu saa, unafungwa, unampisha mwenzio. RPG inataka sevu yako ikae salama, na pale mashine ni ya wote. Mimi nilikuta dogo kaanza upya juu ya sevu yangu, mhusika wangu wa wiki 2 kapotea, mwenye banda ananiambia "bro si uanze tu tena". Kama huna namna, kila ukimaliza tengeneza sevu mpya mbili, usitegemee ile ya kujisevu yenyewe.

## SPOILA KUANZIA HAPA

Kuna miisho mingapi?

Imepewa majina ya karata za taroti. The Devil unawaamini Arasaka. The Star unaondoka na Panam na watu wake wa jangwani. The Sun unakuwa gwiji wa Night City. Temperance unamwachia Johnny mwili. Kuna na ule wa kukata tamaa palepale juu ya paa, ambao sitauelezea, ila sikiliza ujumbe wa simu wanaokuachia marafiki mwishoni, utajua uzito wake. Phantom Liberty imeongeza The Tower, unapona, ila unaamka baada ya miaka 2, watu wameendelea na maisha na mwili haubebi tena vifaa vyako.

Phantom Liberty, Reed au Songbird?

Reed ni jasusi, Songbird ni mdukuzi anayemtafuta, na unatakiwa kuchagua upande. Siwezi kukuchagulia, ila hapa ndo walionyesha wamejifunza. Mto haukutani haraka. Ukimsaidia Songbird unapigana hadi uwanja wa kwenda mwezini. Ukimgeuka, unaishia kwenye maabara chini ya ardhi, silaha hazifui dafu, roboti linakutafuta kwenye korido na wewe unajificha unashikilia pumzi, gemu linageuka la kutisha ghafla. Misheni nzima ambayo wachezaji wengi hawataiona kamwe. Rudi kwenye swali la kwa nini machaguo yanachelewesha gemu uone hiyo ni gharama kiasi gani.

Nimeingia Embers kuonana na Hanako, naweza kurudi mtaani?

Embers ni mgahawa unapokutana na Hanako wa familia ya Arasaka. Ukishapanda kwenye lifti, hapana, hadi umalize, na gemu linakuonya. Baada ya mwisho linakurudisha kabla ya pale. Kamilisha kwanza misheni za marafiki zako Panam na Judy, na hasa za Johnny na Rogue, mpenzi wake wa zamani, la sivyo baadhi ya njia hazitatokea kwenye orodha.

Nimesikia kuna mwisho wa siri ambao unaupata bila kuchagua kitu. Ni kweli?

Ni kweli, na wengi waliupita kwa sababu walikuwa na haraka. Kwanza inabidi uwe umeelewana na Johnny, na kinachoamua ni maongezi pale kwenye kaburi lake kule kwenye visima vya mafuta na vyuma chakavu, ongea naye kwa heshima lakini usimpake mafuta, mwambie ukweli wake kwamba alikuwa mtu mgumu. Halafu ukifika juu ya paa la Misty, aliyekuwa mpenzi wa Jackie, gemu linakuuliza umpigie nani akusaidie. Majina yanakaa kwenye skrini. Usibonyeze. Weka padi mezani, dakika 5 hivi, hakuna saa ya kuhesabu, hakuna muziki wa kukuashiria, jiji tu huko chini linaunguruma na Johnny amekaa pembeni. Mi nilidhani gemu limeganda, nikaanza kuangalia waya. Ndo Johnny akafungua mdomo, akasema kuna njia nyingine, sisi wawili tu, bila kumuua rafiki yeyote. Ukikubali unaingia mlango wa mbele wa Arasaka peke yako, na ukifa humo hakuna kurudia toka katikati, majina ya watengenezaji yanaanza kupita.